Bwana wa Merchiston na Fundi wa Saa

Mwaka 1614, katika mji wa Edinburgh huko Uskoti, kilichapwa kitabu kidogo cha Kilatini chenye jina kubwa: Mirifici Logarithmorum Canonis Descriptio, yaani maelezo ya kanuni ya ajabu ya logarithimu. Kurasa za maelezo zilikuwa 57 tu. Kurasa 90 zilizofuata hazikuwa na neno ila tarakimu, safu kwa safu, kutoka juu hadi chini. Mwenye kitabu, John Napier, bwana wa ngome ya Merchiston, alikuwa mzee wa miaka 60 na kitu, na tarakimu hizo zilikuwa zimemla takriban miaka 20 ya umri wake.

Jina logarithimu alilibuni yeye mwenyewe kwa kuunga maneno mawili ya Kigiriki: logos, lenye maana ya neno, kauli, na pia uwiano, na arithmos, ambalo ni namba. Hivyo logarithimu ni namba ya uwiano, ingawa mpenzi wa mashairi atasamehewa akiisoma kuwa ni namba isemayo. Aljebra nayo, ambayo ndiyo nyumba ya logarithimu hii leo, imepata jina lake kwa Al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9, aliyeita mojawapo ya njia zake al-jabr, yaani kuunga kilichovunjika, kama mfupa unavyoungwa. Mzizi huo ndio uliomo katika neno letu la jabari. Elimu hii, basi, imepita katika mikono mingi kabla ya kufika ubaoni.

Ili kuona Napier alichokitafuta, hapana budi kwanza kuona mateso ya wanafalaki wa zama zake. Tuseme mtu anataka kuzidisha namba mbili zenye tarakimu saba kila moja. Itambidi afanye mazao madogo 49, ayapange katika mistari saba, kisha ajumlishe. Akikosea pamoja tu, kazi yote imeharibika, na hatajua amekosea wapi. Mwanafalaki aliyetaka kujua mahali pa sayari moja kwa usiku mmoja alifanya hesabu za namna hii mara nyingi, na usiku mmoja haukuwa na faida peke yake, alihitaji miaka. Tycho Brahe, aliyejenga jumba lake la kutazamia nyota katika kisiwa cha Hven, baina ya Denmaki na Uswidi, aliajiri wasaidizi kwa kazi hii. Wao walikuwa na hila yao: kanuni ya trigonometria inayogeuza zao la saini mbili kuwa nusu ya tofauti ya kosaini mbili. Kwa hila hiyo kuzidisha kulikwepwa na mahali pake kukawekwa kujumlisha na kutoa. Habari zake zilifika Uskoti mapema, kwani daktari John Craig, aliyekuwa akijuana na Napier, alikuwa akiandikiana na Tycho. Lakini hila ile ilifaa kwa kuzidisha. Kwenye kugawanya ilikuwa nzito, na kwenye kutafuta vipeuo haikufaa kitu.

Mbegu ya dawa ilikuwa imelala wazi kwa muda mrefu. Archimedes, alipohesabu chembe za mchanga zitakazoujaza ulimwengu, aliona kuwa namba zikipangwa kwa vipeo, kuzizidisha ni sawa na kujumlisha daraja zao. Mwaka 1544 Mjerumani Michael Stifel aliliandika jambo hilo kwa uwazi zaidi, akaliendeleza mpaka kwenye vipeo vilivyo chini ya sufuri. Mtu yeyote anaweza kulijaribu kwa kalamu. Na aandike namba zinazojirudufu: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256, 512, 1,024. Juu ya kila moja aweke nambari ya zamu yake: 0 juu ya 1, 1 juu ya 2, 2 juu ya 4, na kuendelea mpaka 10 juu ya 1,024. Sasa akitaka zao la 16 na 64, asizidishe. Juu ya 16 pana 4, juu ya 64 pana 6. 4 na 6 ni 10, na chini ya 10 pana 1,024, ambalo ndilo jawabu. Akitaka kugawanya 512 kwa 32, atatoa 5 katika 9, zibaki 4, na chini ya 4 pana 16. Akitaka kipeuo cha pili cha 256, ataigawa 8 nusu kwa nusu, na atarudi palepale kwenye 16.

Hapo zimo sifa zote tatu ambazo mwanafunzi wa aljebra hufunzwa. Logarithimu ya zao ni jumla ya logarithimu. Logarithimu ya hisa ni tofauti yake. Logarithimu ya kipeo ni logarithimu ya namba ile iliyozidishwa kwa kipeo chake. Kila tendo hushuka ngazi moja: kuzidisha huwa kujumlisha, kugawanya huwa kutoa, kutafuta kipeuo huwa kugawanya. Ama kujumlisha kwenyewe hakuna pa kushukia, na hapa ndipo wanafunzi wengi huanguka. Logarithimu ya 2 na 3 zilizojumlishwa si jumla ya logarithimu zao. Jumla hiyo ni logarithimu ya 6, wala haina habari na 5.

Kwa nini basi Stifel hakuishika heshima iliyokuja kuwa ya Napier? Kwa sababu safu yake ina mapengo. Baina ya 4 na 8 hamna 5, hamna 6, hamna 7. Na namba za mbinguni haziji zikiwa zimejirudufu kwa adabu. Safu isiyo na mapengo, au yenye mapengo madogo hata yasidhuru, ilitaka mtu wa kukaa kitako na kuihesabu yote. Wazo lilikuwapo, mtu wa kulitolea jasho hakuwapo. Jambo hili hustahili kukumbukwa kila ugunduzi unaposimuliwa kana kwamba ni umeme uliopiga kichwa cha mtu mmoja.

Napier hakuanzia kwenye vipeo. Alianzia kwenye mwendo. Alifikiri juu ya nukta mbili zinazoondoka pamoja kwa kasi moja, na kwa msomaji wa pwani yafaa nukta hizo ziwe ngalawa. Ya kwanza ina bahari isiyo na mwisho na upepo usiobadilika, hivyo kila saa hukata masafa yaleyale. Ya pili inakwenda kwenye ufuo, na kadiri ufuo unavyokaribia ndivyo upepo unavyolegea: ikibakiwa na nusu ya safari, kasi yake ni nusu, ikibakiwa na robo, kasi ni robo. Ngalawa hiyo haitafika kamwe. Wakati wowote mtu akizitazama zote mbili, masafa yaliyokwisha kukatwa na ile ya kwanza ndiyo logarithimu ya masafa yaliyobaki kwa ile ya pili. Masafa ya mwanzo Napier aliyafanya milioni 10, ili aepuke sehemu ndogondogo, na akazipigia hesabu saini za pembe zote, dakika kwa dakika, kutoka 0 hadi digrii 90.

Watu wa kwao hawakumjua kwa hayo. Walimjua kwa kitabu chake cha dini cha mwaka 1593, ambacho mwenyewe alikithamini kuliko tarakimu zake, na baadhi yao walimdhania mchawi. Yasimuliwa kuwa wizi ulipotokea nyumbani kwake, aliwaambia watumishi kwamba jogoo wake mweusi humtambua mwizi. Kila mmoja na aingie peke yake chumba cha giza, ampapase jogoo mgongoni. Jogoo alikuwa amepakwa masizi. Wasio na hatia walimpapasa bila ya hofu wakatoka na viganja vyeusi, na mwizi, aliyeogopa kumgusa, akatoka na mikono safi. Iwe kweli au iwe ngano, hadithi hii ingaliweza kusimuliwa katika kisiwa chochote cha pwani hii na isipungue utamu.

Jedwali la 1614 lilikuwa na kasoro. Kwa kuwa sufuri iliwekwa kwenye milioni 10, zao la namba mbili halikutoka kwa kujumlisha tu; palikuwa na namba ya kudumu ya kurekebishia kila mara. Aliyeguswa na jambo hili ni Henry Briggs, mwalimu wa jiometria katika Chuo cha Gresham mjini London. Alikisoma kitabu, akakifunza kwa wanafunzi wake, na katika kiangazi cha 1615 akapanda gari la farasi kwenda Uskoti, safari ya maili zipatazo 400, ili amwone mtu aliyekiandika. Mnajimu William Lilly amesimulia kuwa walipokutana, Napier na mgeni wake walitazamana karibu robo saa nzima kwa kustaajabiana, hapana aliyetamka neno.

Walipotamka, walikubaliana kuibadili kazi yote. Briggs alipendekeza namba 10 iwe ndicho kizio. Napier naye alikuwa amefikiri kuwa sufuri ihamishwe, iwe logarithimu ya 1. Briggs, na hii ni sifa yake kubwa, alikiri bila ya haya kuwa pendekezo la mwenyeji lilikuwa bora. Alikaa mwezi mmoja, akarudi tena 1616, na alikuwa akinuia safari ya tatu Napier alipofariki, tarehe 4 Aprili 1617. Tangu hapo mzigo ulikuwa wake. Alianza na 10, akatafuta kipeuo chake cha pili, kisha kipeuo cha kile kipeuo, na kadhalika mara 54 mfululizo, kwa mkono, kwa tarakimu zaidi ya 30 kila hatua. Mwaka 1624 alitoa Arithmetica Logarithmica, yenye logarithimu za namba kutoka 1 hadi 20,000 na kutoka 90,000 hadi 100,000, kila moja kwa tarakimu 14 baada ya nukta. Pengo la katikati lilijazwa na Mholanzi Adriaan Vlacq mwaka 1628 kwa tarakimu 10. Majedwali ya Vlacq yalikuwa na makosa kwa mamia, na makosa hayohayo yalinakiliwa na wengine waliodai kuwa wamehesabu upya. Mwizi wa namba, kama mwizi wa beti, hujulikana kwa makosa aliyoyachukua pamoja na mali.

Mtoto wa mwisho wa kazi hiyo ni kile kijitabu chembamba cha majedwali ya tarakimu nne kilichobebwa na vijana wa sekondari wa Afrika Mashariki karibu karne ya 20 nzima. Waliokibeba hawakusahau logarithimu ya 2, ambayo ni 0.3010, wala ya 3, ambayo ni 0.4771. Walijua pia kuwa namba 0.03 huandikwa kwa 2 yenye kistari cha kutoa kichwani, ikifuatwa na 4771 ileile. Mwenye macho makali aliona jambo jingine: 0.3010 na 0.4771 zikijumlishwa hutoa 0.7781, ilhali jedwali lenyewe limeandika 0.7782 mbele ya 6. Si kosa la mchapaji. Kila namba imekatwa kwenye tarakimu ya nne, na vipande vidogo vilivyokatwa vikikutana hufanya kimoja kinachoonekana. Jedwali lolote lina ukweli mpaka tarakimu yake ya mwisho, na huo ni mpaka ambao walimu wangelifaa kuutaja mara nyingi zaidi.

Kikokotoo cha mfukoni cha Hewlett-Packard cha mwaka 1972, chenye kitufe cha logarithimu, kiliyamaliza majedwali haraka kuliko yalivyoenea. Logarithimu zenyewe hazikuondoka. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko lililotokea karibu na Sumatra liliivuka Bahari ya Hindi kwa mawimbi yake na kuua watu mpaka Somalia, Kenya na Tanzania. Lilipimwa kuwa la 9.1. Kipimo cha matetemeko, tangu Charles Richter alipokianzisha cha kwanza mwaka 1935, ni cha kilogarithimu: tetemeko la 9.1 halikulizidi la 8.1 kwa kidogo, bali kwa nguvu mara 32 hivi, na lile la 7.1 kwa mara 1,000. Aliyesoma habari zile magazetini bila ya kujua hayo aliona tofauti ya kidole kimoja tu.

Bahari, kwa hakika, ilikuwa na sehemu yake tangu mwanzo. Edward Wright, mwanahisabati wa ramani za baharini, alikitafsiri kitabu cha Napier kwa Kiingereza kwa ajili ya manahodha. Alifariki kabla hakijatoka, na mwanawe alipokitoa mwaka 1616 alikitabaruku kwa Kampuni ya Mashariki ya India, ambayo vyombo vyake vilikuwa vimeanza kuisaka Bahari ya Hindi. Edmund Gunter, rafiki wa Briggs, alizichora logarithimu kwenye ubao, hivi kwamba baharia aliweza kuzidisha kwa kupima kwa bikari tu, hata asiyejua hesabu nyingi. Katika maji haya palikuwa tayari na elimu nyingine. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 kutoka Julfar katika Ghuba, aliziweka nyota, pepo na bandari katika mashairi ya bahari ya rajaz, mojawapo likihusu njia ya Sofala. Urefu wa nyota aliupima kwa isba, yaani vidole. Elimu ile ilikaa kifuani mwa mtu kwa vina. Elimu ya Wright na Gunter ilikaa kwenye karatasi, na karatasi huweza kununuliwa na mtu asiyemjua mwalimu. Ni vigumu kuona kuwa tofauti hiyo haikuchangia katika yaliyofuata.

Suala la karatasi na kifua ndilo lililomponza mtu wa pili wa habari hii. Jost Bürgi alizaliwa 1552 katika mji mdogo wa Lichtensteig, Uswisi. Alikuwa fundi wa saa. Kilatini, lugha ya wanazuoni wote wa Ulaya ya wakati ule, hakukijua. Aliwatengenezea watawala wa Kassel, na baadaye Kaisari Rudolf wa Pili mjini Prague, saa na vyombo vya falaki ambavyo ustadi wake bado unastaajabiwa, na kwa ajili ya hesabu za nyota alijitengenezea jedwali. Alianza na milioni 100, akaizidisha kwa 1.0001, na jawabu akalizidisha tena kwa 1.0001, na kuendelea hivyo zaidi ya hatua 23,000, mpaka akafika kwenye mara kumi ya alipoanzia. Namba za zamu zilichapwa kwa wino mwekundu na mazao kwa wino mweusi. Ni ile safu ya kujirudufu ya Stifel, ila mapengo yamebanwa hata karibu hayaonekani. Fundi huyu hakumwiga Napier, wala Napier hakumsikia. Kila mmoja alifika kwa njia yake.

Lakini Bürgi aliliweka jedwali lake sandukuni miaka mingi. Alipolichapa Prague mwaka 1620, Napier alikwisha kufa na jina lake lilikuwa limeenea. Maelezo ya jinsi ya kulitumia, yaliyoahidiwa kwenye jalada, hayakuchapwa pamoja nalo. Mwezi Novemba wa mwaka huohuo majeshi yalipigana kwenye Mlima Mweupe, nje ya Prague, mji ukaangukia mikononi mwa washindi, na nakala chache za kijitabu kisichojieleza hazikuwa na wa kuziuliza.

Aliyemhukumu ni rafiki yake, Johannes Kepler, ambaye aliwahi kumhariria mswada wake wa aljebra. Kepler alikuwa na haki ya kusema, kwani hapana aliyeipokea zawadi ya Napier kwa furaha kama yeye. Mwalimu wake wa zamani, Michael Mästlin, alimkemea kuwa haimpendezi mtu mzima kufurahia kama mtoto hesabu iliyofupishwa. Kepler hakumsikiliza. Alitunga uthibitisho wake mwenyewe wa logarithimu, na juu yake akajenga Majedwali ya Rudolf, yaliyochapwa Ulm mwaka 1627, ambayo kwa usahihi hayakuwa na mfano. Kanuni yake ya tatu ya sayari, ya mwaka 1618, kwa logarithimu husomeka kwa mstari mmoja. Masafa ya Mirihi kutoka kwenye jua ni mara 1.524 ya masafa ya dunia. Logarithimu yake ni 0.1830, ikizidishwa kwa moja na nusu hutoa 0.2745, ambayo ni logarithimu ya 1.881. Mwaka wa Mirihi ni miaka 1.881 ya dunia, yaani siku 687.

Katika utangulizi wa majedwali hayo Kepler aliandika kuwa Bürgi alizifikia logarithimu miaka mingi kabla ya Napier kuzitangaza, ila kwa uzito wake na usiri wake alimtupa mtoto wakati wa kuzaliwa badala ya kumlea mbele ya watu. Ushahidi huo ulimhifadhia Bürgi haki yake na kumvunjia heshima kwa pumzi moja. Pengine ni hukumu kali. Msomi wa chuo hupata jina kwa kutangaza alijualo. Fundi hula kwa kulificha, na asiyejua Kilatini alihitaji mtu wa kumsemea katika kila kitabu. Napier alikuwa na ngome na mashamba. Bürgi alikuwa na mikono yake.

Kepler mwenyewe alipata fungu lake la kuchelewa. Kitabu chake cha mahali pa sayari kwa mwaka 1620 alikitabaruku kwa Napier, kwa barua ndefu ya shukrani aliyoiandika mwezi Julai 1619, bila ya kujua kuwa bwana wa Merchiston alikuwa kaburini kwa miaka miwili. Bürgi alifariki Kassel mwaka 1632. Maelezo ya jedwali lake, yaliyokutwa kwa maandishi ya mkono pamoja na nakala moja huko Danzig, yalichapwa mwaka 1856.